Mrudishieni mtoto karatasi yake

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua fupi ya mzazi mmoja wa Morogoro. Kijana wake wa kidato cha tatu alikwenda kwenye shindano la hisabati, akarudi na sifuri, na tangu siku hiyo hataki hata kufungua daftari la somo alilokuwa akilipenda kuliko yote. Mzazi aliuliza amtoe kwenye mambo ya mashindano akazanie mtihani wa taifa, au amwache. Nilisubiri nione nani atamjibu, sikuona. Naomba nafasi nimjibu mimi, maana mwaka 2007 mtoto huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, mkoani kwetu Tanga. Mwanzoni mwa Mei tulichaguliwa wanne, tukapakiwa kwenye Hiace alfajiri, tukaenda mjini kushindana na shule nyingine. Karatasi ilikuwa na maswali sita. Matano nimeyasahau, lakini la nne ningeweza kukutajia hata ukiniamsha usiku wa manane: thibitisha kwamba ukichukua namba nzima zozote tano, hutakosa tatu kati yake ambazo jumla yake inagawanyika kwa 3.

Swali lilikuwa kwa Kiingereza, na maneno yote niliyaelewa isipokuwa lile la kwanza. Sikujua kuthibitisha ni kufanya nini. Nikachukua 1, 4, 6, 8 na 11. Nikaona 1, 6 na 8 zinafanya 15, na 15 inagawanyika. Sawa. Nikachukua tano nyingine, sawa. Nikaendelea hivyo mpaka mifano kumi na miwili, kurasa mbili zimejaa, na yote ilikuwa sahihi. Nilitoka ukumbini nikiamini swali lile nimelimaliza lote. Kwenye karatasi nzima nilipata alama 3 kati ya 60.

Alama hizo zilisomwa paredi, Jumatatu asubuhi, mbele ya shule nzima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho nilikuwa mimi. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Tatu. Kwenye foleni ya uji ni Tatu, bwenini ni Tatu, hata watoto wa kidato cha kwanza waliokuwa wakinichotea maji wakawa wananiita dada Tatu wakidhani ndilo jina langu.

Lakini ndugu mzazi, nikikumbuka leo, jina hilo silo lililonitoa kwenye hisabati. Kilichonitoa ni kwamba karatasi yangu sikuiona tena. Ilikusanywa, ikaenda ilikokwenda, ikabaki namba moja tu iliyosomwa paredi. Hakuna aliyeniambia kwamba mifano kumi na miwili haithibitishi kitu, na kwamba hata mifano milioni moja isingethibitisha, kwa sababu swali lilisema namba zozote. Hiyo ni sentensi moja tu ya kalamu nyekundu. Sikuipata. Nikabaki najua kwamba majibu yangu yote ya swali hilo yalikuwa sahihi na kwamba alama zangu ni 3 tu, na msichana wa miaka kumi na sita akiyaweka hayo mawili pamoja anapata jibu moja: hisabati ni ya watu wengine. Nikaamua nikifika kidato cha tano nitachukua masomo ya lugha.

Juni tukafunga shule. Kwetu ni Muheza, na Juni Muheza ni machungwa. Mama alikuwa na meza pale stendi. Wakulima walimletea machungwa kwa vikapu, yeye anayapanga mafungu ya matatu matatu, fungu shilingi mia. Kila kikapu alikihesabu peke yake kwa sababu kila kimoja kilikuwa na mwenyewe wa kulipwa. Mwisho wa kikapu kulibaki chungwa moja, au mawili, au hakikubaki kitu, na lililobaki lilikuwa letu, mimi na mdogo wangu. Kwa hiyo tulizijua hesabu hizo tangu hatujaanza shule. Kikapu chenye kubaki mawili tulikipenda, kisichobakiza kitu tulikinunia.

Siku moja biashara ilikuwa nzuri na mama hakutaka kugawa chungwa hata moja. Akanikabidhi vikapu, akaniambia: "Leta hicho cha kubaki moja, na hicho cha kubaki mawili, vichanganye, tusipoteze kitu." Nikavichanganya. Likapatikana fungu zima. Nikasimama na kikapu mkononi. Mama akadhani nimeumwa na kitu.

Vikapu vitano. Namba tano. Kila kikapu kinabakiza sifuri, moja au mbili, hakuna namna ya nne. Ikiwa kwenye vitano hivyo namna zote tatu zipo, chukua kimoja kimoja cha kila namna: sifuri na moja na mbili ni tatu, fungu limekamilika. Ikiwa namna moja haipo, basi vikapu vitano vimebanwa kwenye namna mbili tu, na hapo lazima namna mojawapo iwe na vikapu vitatu au zaidi. Chukua vitatu hivyo vinavyofanana. Mabaki yake yatakuwa sifuri, au tatu, au sita, na yote yanapangika. Basi. Hakuna namba tano duniani zinazoweza kuukwepa mtego huo, ziwe kubwa kiasi gani. Nililiandika nyuma ya kipande cha boksi pale pale stendi, kwa Kiswahili, na maneno "vikapu" na "mafungu" yakiwemo. Mama naye alikuwa akiifanya hesabu hiyo kila msimu bila kuiita kitu.

Sijawahi kupata furaha ya namna ile tena mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Nasema kweli.

Julai nikarudi shule, nikanakili vizuri, nikampelekea mwalimu aliyetusimamia. Akaangalia kichwa cha habari, akanirudishia. "Shindano lilishapita," akasema. Leo mimi ni mwalimu, nina mikondo minne yenye wanafunzi zaidi ya sabini kila mmoja, na ninajua mwalimu anachoka vipi. Simlaumu sana. Lakini maneno hayo mawili ndiyo ninayopigana nayo katika barua hii, kwa sababu ndiyo yanayowaua watoto wetu. Shindano hupita. Swali halipiti.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa mazoezi, dada mmoja mwanachuo aliyekuja kwetu kwa wiki chache. Alinikuta prepo nikiwa nalichora lile swali pembeni ya daftari la Jiografia. Akakaa, akasoma, akanyamaza kwa muda, kisha hakunisifu hata kidogo. Akaniuliza: "Na mama yako angekuwa anapanga manne manne, vikapu vingapi vingetosha ili usikose vinne vya kuchanganya?" Akaondoka zake.

Nililala na swali hilo kuanzia Agosti mpaka Novemba. Mwanzo niliona vikapu sita havitoshi: vikiwa vitatu visivyobakiza kitu na vitatu vinavyobakiza moja, ukichukua vinne vyovyote utabaki na chungwa moja, au mawili, au matatu. Basi vingekuwa saba. Lakini kuonyesha kwamba saba vinatosha daima kulinichukua miezi. Mwalimu huyo alikuwa ameshaondoka, nikamwandikia barua ya posta. Akanijibu kwa ukurasa mmoja, na juu kabisa ameandika swali lingine. Masomo ya lugha niliyasahau. Nilichaguliwa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, nikaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusomea ualimu wa Hisabati, na huko, mwaka wa tatu, nikakuta kwenye kitabu cha maktaba kwamba mwanahisabati Paul Erdős na wenzake wawili, Ginzburg na Ziv, mwaka 1961 walithibitisha jambo hilo kwa mafungu ya ukubwa wowote. Mafungu ya matatu, vikapu vitano. Ya manne, saba. Ya kumi, kumi na tisa. Nilikaa pale maktaba nikiwaza machungwa ya mama yangu. Miaka yote ile niliyojiona mjinga nilikuwa nimesimama mlangoni kwa watu wazito, na hakuna aliyeniambia kwamba huo ni mlango.

Sasa, ndugu mzazi, nikwambie kwa nini kijana wako amevunjika, maana ninaona kila mwaka kwa wanafunzi wangu. Mtihani wa taifa wa Hisabati wa kidato cha nne una maswali 14 kwa saa 3. Gawanya mwenyewe: kila swali dakika zisizofika 13. Miaka minne mtoto anazoezwa kwamba anayejua anajua upesi, na ambaye dakika 13 zimempita ni kilaza, aruke aende mbele. Kisha siku moja unampeleka kwenye shindano. Mashindano ya dunia ya hisabati ya wanafunzi, yaitwayo IMO, yale yaliyoanzia Romania mwaka 1959, hutoa maswali matatu kwa siku kwa saa nne na nusu, siku mbili mfululizo. Saa moja na nusu kwa swali moja, na wengi wa wanaokwenda huko, ambao ni vipanga wa nchi zao, hawamalizi. Mashindano yetu ya mkoa na wilaya yanaiga mtindo huo. Mtoto wako alipofika dakika ya ishirini hajaona njia, hakufikiri kwamba ndiyo kwanza ameanza. Alifikiri amekwisha. Mtu amekimbizwa mita mia miaka yote, leo anawekwa kwenye mbio ndefu, na akihema kidogo anaaibika.

Kuhusu sifuri yake: mwaka 1988 mashindano hayo yalifanyika Australia, na swali la sita lilikuwa gumu kiasi kwamba wanafunzi 11 tu walipata alama zote 7. Mmoja wa waliolishindwa alikuwa mtoto wa nyumbani hapo hapo Australia, Terence Tao, aliyepata alama 1. Medali ya dhahabu aliipata kwa maswali mengine, akiwa ndio kwanza anatimiza miaka 13, na leo hakuna mwanahisabati asiyelijua jina lake. Na Maryam Mirzakhani wa Iran, ambaye wasichana wangu nimewabandikia picha yake darasani, kuna mwaka alifanya vibaya hisabati shuleni, mwalimu wake hakuona kipaji chochote, naye akakata tamaa. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine. Mwaka 1995 akapata alama 42 kati ya 42 kwenye mashindano ya dunia, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Huyo alijieleza mwenyewe kuwa ni mtu wa kufikiri polepole. Polepole! Angeketishwa kwenye dakika zetu 13 tungempa jina gani la utani?

Nisiwasahau wanaoshinda, maana nao wanakufa, na kufa kwao hatukuoni kwa sababu kuna makofi. Nilikuwa na mvulana aliyeshika nafasi ya kwanza wilaya. Alipewa begi, mkebe wa vifaa vya hisabati na cheti, akapigwa picha na viongozi. Kuanzia hapo akawa hagusi swali asilolijua. Ukimpa gumu anasema halipo kwenye silabasi. Alikuwa akija na maswali aliyokwisha kuyafanya nyumbani, anayafanya tena ubaoni mbele ya wenzake. Niliona anaogopa, kwamba akikwama mbele za watu ukipanga wake utaanguka. Nikatafuta swali lililonishinda mimi mwenyewe, nikamwambia ukweli: "Hili limenishinda tangu Februari, nisaidie." Hakuniamini. Nikamwonyesha kurasa zangu zilizokatwakatwa. Tulilifanya pamoja wiki tatu, siku nyingine tunakosea wote wawili, na siku tulipolipata, hatua ya mwisho aliiona yeye. Yuko chuo sasa, ananipigia simu kila anapokwama. Anapiga kwa furaha.

Kuna na binti aliyeniambia mwaka juzi, "Madamu, mimi kilaza, niondoe kwenye orodha." Nilikwenda mwenyewe kwa waandaaji wa shindano alilofanya kuomba karatasi yake. Nikazungushwa. Ofisi hii ikanipeleka ile, mwisho nikaambiwa zimeshachomwa. Nikamwomba anisimulie kwa mdomo alichoandika. Akasimulia. Swali la pili alikuwa amebakiza hatua moja, moja tu, na hajui. Nikamwonyesha palipobaki. Akalia. Mimi pia sikujizuia.

Ndiyo maana naandika, Mhariri. Waandaaji wote wa mashindano ya hisabati, wa mkoa, wa wilaya, wa taasisi binafsi, nawaomba kitu kimoja kisicho na gharama kubwa kama fulana na mabango mnayochapisha: mrudishieni mtoto karatasi yake ikiwa imesahihishwa. Kama haiwezekani, mrudishieni nakala yake. Pamoja nayo mwekeeni majibu ya maswali yote, yameelezwa kwa Kiswahili. Najua kuna watakaosema lugha ya sekondari ni Kiingereza. Kwenye mashindano ya dunia kila mwanafunzi huchagua lugha ya kusomea na kuandikia, na viongozi wa timu yake ndio wanaokwenda kuyaeleza majibu yake mbele ya wasahihishaji. Kama dunia imeweza kumsubiri mtoto wa Japani aandike Kijapani, sisi tutashindwaje kumweleza mtoto wa Muheza kwa Kiswahili pale alipokosea? Mimi niliwaza kwa vikapu na mafungu. Kwa maneno ya karatasi ile nisingewaza chochote.

Walimu wenzangu, alama za mashindano tusizisome paredi. Mpe kila mmoja yake mkononi, umwulize swali lipi lilimkera zaidi.

Kwetu tunakutana Jumamosi baada ya usafi, wanafunzi tisa, wakati mwingine kumi na mmoja. Swali ni moja tu, dakika tisini, hakuna alama. Tuna kauntabuku moja la pamoja ambalo watoto wamelipa jina la Daftari la Deni. Swali lililotushinda linaandikwa humo, tarehe, na mahali kila mtu alipokwama, kwa lugha yoyote. Kuna deni la tangu Machi mwaka jana halijalipwa. Kuna moja lililipwa na binti wa kidato cha pili alipokuwa amelazwa hospitali ana malaria, akaniletea jibu kwenye karatasi ya dawa. Kila deni likilipwa tunapiga mstari na kuandika jina la mlipaji, na nimeona watoto wakifungua kurasa za nyuma kusoma majina hayo kama wengine wanavyosoma msimamo wa ligi. Hiyo ndiyo dawa ya kukata tamaa niliyoiona inafanya kazi kwa macho yangu. Zawadi nimezijaribu, zinadumu wiki.

Mhariri, nawe nakuomba kona ndogo, hata ya ukubwa wa kiganja, kila Jumamosi. Swali moja kwa Kiswahili, jibu litoke baada ya wiki mbili na si kesho yake. Maswali nitayaleta mimi bila malipo, ninayo ya miaka.

Na kwa mzazi wa Morogoro: usimtoe. Wala usimhubirie. Mwambie akumbuke swali lililomshinda siku ile, mkae mezani, akueleze hata kama hulielewi, na wewe umwulize tu, "Halafu ukafanyaje?" Akisema hakumbuki hata moja, mpe hili la vikapu saba na mafungu ya manne. Nimeeleza hapo juu kwa nini sita havitoshi. Kwa nini saba vinatosha sijaandika, na sitaandika. Aanze kwa kuvipanga viwili viwili. Asikimbilie simu kutafuta jibu. Akifika mahali, popote pale, hata kama ni nusu ya njia, aniandikie kupitia gazeti hili. Nitamjibu kwa mkono, na juu ya ukurasa ataliona swali linalofuata.

Mwalimu wa Hisabati,
Muheza, Tanga